Sayyid Barghash: alijenga baraza, maji na mtambo wa vitabu, kwa pembe zilizopita kwetu

Katika kipindi chetu cha mabaraza ya usuluhishi, msikilizaji mmoja wa Ntalikwa alituuliza swali ambalo hatukulimaliza hewani. Alitaka kujua hivi: zamani, wakati misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikipita hapa kwenda pwani, mtu akidhulumiwa alikwenda kushtaki wapi? Muda wa kipindi ulikwisha, tukaahidi kuandika. Makala hii ndiyo jibu letu.

Jibu lenyewe linatupeleka Unguja, kwa mtu ambaye jina lake wengi wetu tumelisikia shuleni na kulisahau. Ni Sayyid Barghash bin Said, sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Yeye ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Forodhani. Lakini alijenga na mambo mengine yasiyoonekana kwenye picha za watalii: utaratibu wa kusikiliza kesi, mtambo wa kupiga chapa vitabu vya sheria, na mfereji wa maji ya bure. Tutaeleza maisha yake, kisha tutarudi Tabora tuone ni kiasi gani cha hayo kilitufikia.

Mtoto wa sultani asiyekuwa na zamu

Barghash alizaliwa katika miaka ya 1830. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Katika nyumba ile watoto walikuwa wengi na mama zao walikuwa wengi, na kila mwenye akili alijua kwamba baba akifa kutakuwa na kazi.

Sayyid Said alifariki mwezi Oktoba 1856, akiwa safarini kwa meli, karibu na visiwa vya Ushelisheli. Barghash alikuwa naye melini. Alirudi Unguja na maiti ya baba yake, akajaribu kushika ngome na mji kabla ndugu zake hawajajua vizuri kilichotokea. Hakufanikiwa. Kiti kilikwenda kwa kaka yake, Majid.

Mwaka 1859 alijaribu tena. Safari hii aliungwa mkono na ukoo wa Al-Harthi, waliokuwa matajiri wakubwa na wenye kinyongo na Majid. Mdogo wake wa kike, Salme, ndiye aliyewaandikia barua za siri, kwa kuwa alikuwa miongoni mwa wanawake wachache wa nyumba ile waliojua kuandika. Barghash na watu wake walijifungia katika jumba moja shambani. Majid aliwaita Waingereza, wakaja na askari wa manowari, uasi ukavunjika. Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay, India, akakaa huko kama miaka miwili.

Wengi wanaona Bombay ndiyo iliyomfundisha. Aliona mji wenye barabara, wenye maji, wenye mitambo ya kupiga chapa na mahakama zenye ratiba. Aliona pia nani alikuwa na nguvu katika bahari ile. Aliporudi Unguja alikaa kimya miaka mingi akisubiri.

Majid alifariki mwezi Oktoba 1870, na Barghash akashika kiti.

Mwanzo mgumu

Alipokea nchi iliyokuwa imetoka kwenye kipindupindu kilichoua maelfu ya watu. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikali kikaipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini. Karafuu ilikuwa uti wa mgongo wa kisiwa. Mti huo huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa, kwa hiyo hasara ile haikuwa ya msimu mmoja.

Kabla hajapumua, mwaka 1873 Waingereza walimletea mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa mara ya kwanza. Balozi wao, John Kirk, alimweleza kwamba manowari zitazuia kisiwa chote, kisiingie kitu wala kutoka kitu. Mwezi Juni akatia saini. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa mahali pale.

Hapa tuwe waangalifu, maana habari hii husimuliwa haraka haraka. Kilichofungwa ni soko na usafirishaji baharini. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali visiwani hadi mwaka 1897, miaka 9 baada ya Barghash kufa. Mashamba ya karafuu yaliendelea kuchumwa na watumwa. Mtumwa aliyeonewa na bwana wake hakwenda mbele ya hakimu akiwa sawa na yule bwana. Tunapoyasifu mambo ya Barghash, na hili tulikumbuke.

Baraza na makadhi

Sasa tuje kwenye swali la msikilizaji wetu.

Barghash alikaa barazani mbele ya watu kwa utaratibu uliojulikana. Wakubwa wa Kiarabu, wafanyabiashara, mabalozi na watu wa kawaida walifika pale. Mwenye shauri alilisema mbele ya sultani. Mashauri mengine aliyakata mwenyewe papo hapo. Yale ya sheria ya dini, kama ndoa, talaka, mirathi, wakfu na madeni, aliyapeleka kwa makadhi.

Kadhi ni hakimu wa sheria ya Kiislamu. Unguja ilikuwa na jambo lake la pekee. Watawala walikuwa Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi, lakini wananchi wengi wa visiwani na pwani walikuwa Wasuni wa madhehebu ya Shafi. Kwa hiyo palikuwa na makadhi wa pande zote mbili. Miongoni mwa waliokuwa na sifa kubwa upande wa Shafi ni Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa katika nchi ya Somalia ya leo. Alikuwa kadhi Kilwa akiwa kijana, kisha akawa kadhi Unguja, na Barghash alimtumia pia katika safari za kiserikali.

Utaratibu huu ulikuwa na uzuri wake. Mtu maskini wa mjini hakuhitaji wakili. Hakuhitaji kujua lugha ya kigeni. Alihitaji miguu ya kumfikisha barazani na moyo wa kusema mbele ya watu.

Lakini ulikuwa na matundu mawili makubwa. La kwanza ni kwamba si kila mtu mjini alikuwa chini yake. Wahindi wengi, ambao ndio waliokuwa wakikopesha fedha, walihesabiwa kuwa raia wa Uingereza, na kesi zao zilisikilizwa na balozi wa Uingereza. Mji mmoja, mahakama mbili. Sultani aliweza kumwamuru mdaiwa wake Mwarabu, lakini mdai Mhindi alikuwa na mlango mwingine wa kwenda.

Tundu la pili lilikuwa yeye mwenyewe. Kadhi aliwekwa na sultani na aliondolewa na sultani. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, alitofautiana na Barghash katika mambo ya madhehebu. Barghash alimfunga, na sheikh alitoka gerezani baada ya sultani kufa. Hapakuwa na mahakama ambayo sheikh angekwenda kumshtaki sultani, kwa sababu mwenye mahakama alikuwa huyo huyo sultani. Miaka ya baadaye mtoto wa sheikh huyo, Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Mtambo wa vitabu na maji ya bure

Mwaka 1875 Barghash alisafiri kwenda Uingereza, akaonana na Malkia Victoria, na kuona viwanda, reli na majumba ya serikali. Aliporudi aliongeza kasi.

Aliweka Unguja mtambo wa kupiga chapa kwa herufi za Kiarabu. Karibu mwaka 1880 mtambo huo ulianza kutoa kitabu kikubwa cha sheria ya Kiibadhi kiitwacho Qamus al-Sharia, kilichoandikwa na mwanachuoni wa Oman, Jumayyil bin Khamis al-Saadi. Kitabu hicho kina majuzuu 90, na mtambo ulipiga chapa sehemu yake tu. Baadaye ulichapa pia tafsiri ya Kurani ya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish wa Mzab, huko Algeria. Hebu fikiria: mwanachuoni yuko upande wa pili wa Jangwa la Sahara, na kitabu chake kinapigwa chapa Unguja.

Kwa nini vitabu vya sheria? Kwa sababu kabla ya hapo kadhi alitegemea nakala ya mkono, iliyoandikwa kwa wino na kuliwa na mchwa. Kadhi wa mji mmoja alikuwa na nakala, wa mji mwingine hakuwa nayo. Kitabu kikipigwa chapa, makadhi wawili walio mbali wanaweza kufungua ukurasa mmoja na kusoma maneno yale yale. Hiyo ni hatua kubwa kwa haki. Kasoro yake ni kwamba vilikuwa vya Kiarabu, vikasomwa na wanavyuoni. Mchuuzi wa samaki hakuweza kuvisoma.

Jambo ambalo mchuuzi wa samaki aliliona ni maji. Barghash aliyavuta kutoka chemchemi iliyo nje ya mji mpaka mjini kwa mfereji na mabomba, na watu wakayachota bila malipo. Baada ya kipindupindu kile, hili lilikuwa jambo la uhai na kifo. Hata leo wazee wa Unguja wakitaja jina lake, maji huja kabla ya jumba.

Jumba nalo likaja. Beit al-Ajaib, maana yake nyumba ya maajabu, lilikamilika mwaka 1883. Lilikuwa la sherehe na mapokezi, lenye nguzo za chuma zilizoletwa kutoka ng'ambo. Ndilo lililokuwa la kwanza Unguja kuwekwa taa za umeme na lifti. Pamoja na hayo alinunua meli za mvuke, akaanzisha jeshi la kisasa kuanzia mwaka 1877 chini ya Mwingereza Lloyd Mathews.

Fedha zilitoka wapi?

Hapa ndipo habari inapotufikia sisi watu wa Unyamwezi.

Zanzibar haikuwa na dhahabu. Ilikuwa na karafuu na ushuru wa forodha. Ushuru ulikusanywa na wafanyabiashara wa Kihindi waliokodishwa kazi hiyo, na mmoja wa mashuhuri wao alikuwa Taria Topan. Pembe za ndovu zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoingiza ushuru mkubwa kabisa. Na sehemu kubwa ya pembe hizo zilipita Unyanyembe, yaani Tabora hii hii, zikashuka hadi Bagamoyo kwa mwendo wa miezi mitatu hivi, zikiwa juu ya mabega ya watu.

Watu hao wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Upagazi kwao ulikuwa kazi ya ujira, kazi ya kuonyesha uanaume, na wengi waliondoka baada ya mavuno na kurudi kabla ya kilimo. Walilipwa kwa nguo, shanga na waya wa shaba. Njiani walikutana na njaa, ndui na vita. Baadhi hawakurudi. Wengine, mateka wa vita na watekwaji, hawakuchagua kabisa. Waliteremshwa pwani wakiwa watumwa.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya nguzo za Beit al-Ajaib, ujue kwamba kuna jasho la Unyamwezi pale. Halikuandikwa ukutani.

Basi, mpagazi akidhulumiwa, alikwenda wapi?

Tabora ilikuwa na mamlaka mbili. Mnyamwezi alikuwa chini ya mtemi wa Unyanyembe. Wakati wa Barghash watemi walikuwa Mkasiwa, kisha Isike. Waarabu na watu wa pwani walikuwa chini ya liwali, yaani mwakilishi wa sultani. Kwa miaka mingi liwali alikuwa Said bin Salim, yule yule aliyeongoza msafara wa Burton na Speke mwaka 1857.

Mnyamwezi akigombana na Mnyamwezi, mtemi yupo. Mwarabu akigombana na Mwarabu, liwali yupo. Taabu ilikuwa pale Mnyamwezi alipodai ujira wake kwa tajiri wa pwani. Mtemi alihitaji biashara ya matajiri wale. Liwali naye alikuwa mfanyabiashara, mwenye pembe zake na wapagazi wake. Ni sawa na mechi ambayo refa naye ana timu uwanjani.

Zaidi ya hapo palibaki baraza la sultani, na baraza lilikuwa mwendo wa miezi mitatu na kuvuka bahari. Kwa maneno mengine, utaratibu ule mzuri wa Unguja haukufika huku. Mwaka 1876 Barghash alitoa amri mbili za kupiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Zilisomwa pwani. Huku njiani, aliyetakiwa kuzisimamia ndiye aliyekuwa akifaidika.

Silaha pekee ya kweli aliyokuwa nayo Barghash juu ya Waarabu wa Tabora ilikuwa mali zao. Wengi walikuwa na mashamba, nyumba au madeni Unguja. Sultani akikasirika, aliweza kuvishika. Lakini silaha hiyo haikumgusa mtu asiyekuwa na kitu pwani. Mirambo wa Urambo alipoishambulia Tabora mwaka 1871 na kufunga njia ya misafara, sultani alituma askari, nao hawakumwondoa. Mirambo alibaki na nguvu zake hadi alipofariki mwaka 1884.

Siku za mwisho

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1884, Mjerumani Carl Peters alipita Usagara na nchi za jirani akiwatia watemi saini kwenye karatasi. Mwezi Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatangaza kwamba nchi hizo ziko chini ya ulinzi wake. Barghash alipinga. Mwezi Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake na kuelekeza mizinga. Marafiki zake Waingereza, ambao aliwatii miaka yote, walimshauri akubali.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa na kugawana. Sultani aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Tabora ikaandikwa upande wa Wajerumani, bila mtemi wala liwali kuulizwa. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa Manyema aliyezoea kupita hapa, alikwenda kuonana na Barghash wakati huo. Alisimulia baadaye kwamba sultani alimweleza wazi kuwa bara amekata tamaa nayo, na kwamba hata Unguja yenyewe anaogopa haitabaki.

Afya yake ilikuwa imeharibika. Mwanzoni mwa 1888 alikwenda Oman kutafuta nafuu. Alirudi Unguja tarehe 26 Machi, akafariki saa chache baada ya kufika. Alirithiwa na ndugu yake Khalifa. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Nini kilibaki?

Sisi tunaona jibu la swali hilo ndilo somo lenyewe. Meli zake, jeshi lake na hazina yake vilikuwa ni vyake. Fedha ya sultani na fedha ya nchi zilikaa mfuko mmoja. Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyokuwa. Alipoondoka, wageni walipokea kila kitu kana kwamba wanapokea shamba lisilo na mwenyewe.

Vilivyobaki ni vile ambavyo watu wengine walivishika. Mahakama za kadhi ziko hai Zanzibar hadi leo, na Kenya pia, zikihukumu ndoa, talaka na mirathi, kwa sababu makadhi walikuwa na wanafunzi, na wanafunzi walikuwa na vitabu. Vitabu vilivyopigwa chapa Unguja vimo kwenye maktaba za Oman na Algeria. Beit al-Ajaib lilinusurika mizinga ya Waingereza mwaka 1896, lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na kuua watu wawili waliokuwa kazini.

Msikilizaji wetu wa Ntalikwa, hilo ndilo jibu. Zamani haki ilikuwepo, lakini ilikaa kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mbali. Ndiyo maana tunaposema shauri la baraza liandikwe, kiongozi asiwe upande wowote, na kila mkulima awe na mahali pa kukata rufaa anapofika bila kuuza ng'ombe, hatusemi mambo ya vitabuni. Babu zetu walibeba pembe zilizojenga jumba, na wakakosa mlango wa kudai ujira wao.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayekumbuka habari za babu yake aliyekwenda Bagamoyo, kaa naye wiki hii. Chukua daftari uandike: jina, njia aliyopita, alilipwa nini. Kisha tupigie wakati wa kipindi, utusomee.